Jina Kwenye Hati: Jack Warner, Uwaziri na Pesa za Mpira

Chukua jina Renraw ulisome kutoka nyuma. Unapata Warner. Hiyo ni mojawapo ya kampuni mbili zilizoshika hati za ardhi ya Macoya, mashariki mwa jiji la Port of Spain, Trinidad na Tobago. Hapo ndipo FIFA na Concacaf, yaani shirikisho la mpira la Amerika Kaskazini, Amerika ya Kati na Karibiani, zilimwaga karibu dola milioni 26 za Marekani zikidhani zinajijengea kituo. Kampuni ya pili iliitwa CCAM. Kituo chenyewe kilijengwa kweli: hoteli, kumbi za mikutano, bwawa la kuogelea, uwanja wa mpira. Kikapewa jina la João Havelange, aliyekuwa rais wa FIFA. Kasoro ilikuwa moja tu: ardhi iliyobeba hayo yote haikuwa ya mpira.

Nairobi hii, mtu akitaka ploti ya hamsini kwa mia huko Kitengela, hata mama mboga atamuuliza kama amefanya sachi. Unalipa ada, unaletewa karatasi inayosema mwenye shamba ni nani, kama lina mkopo wa benki, kama kuna mtu ameweka zuio. Zurich, makao makuu ya FIFA, kuna mawakili wa kila aina, na bado pesa ziliendelea kutumwa miaka nenda miaka rudi bila mtu kuitisha karatasi hiyo. Mwishowe aliyeitisha ni David Simmons, Jaji Mkuu mstaafu wa Barbados, aliyeongoza kamati ya maadili ya Concacaf. Ripoti yake ilisomwa Panama tarehe 19 Aprili 2013. Siku mbili baadaye, Austin Jack Warner, rais wa zamani wa Concacaf na wakati huo Waziri wa Usalama wa Taifa wa Trinidad na Tobago, akajiuzulu uwaziri.

Kabla ya kuendelea, jambo moja lieleweke. Warner amekanusha tuhuma zote tangu mwanzo, na hakuna mahakama ya jinai iliyowahi kumtia hatiani. Kuhusu Macoya amewahi kusema kwamba pesa zile zilikuwa shukrani ya wakubwa wa FIFA kwa kura za Karibiani. Ukiupima utetezi huo utaona unajibu swali la kwa nini pesa zilitolewa, na hausemi lolote kuhusu jina lililo kwenye hati.

Mtambo wenyewe haukuwa na maajabu. Pesa zilitoka FIFA zikiwa na maelezo kwamba ni za kituo. Ziliingia kwenye akaunti zenye majina yanayofanana na ya Concacaf, lakini mwenye usemi wa mwisho juu ya akaunti hizo alikuwa Warner. Yeye ndiye rais wa shirikisho linaloomba, na yeye huyo huyo ndiye mwenye kampuni inayopokea. Kwa mujibu wa ripoti ya Simmons, mhasibu aliyepitia vitabu vya shirikisho alimfanyia pia Warner kazi zake binafsi, kwa hiyo hakuwa mkaguzi huru kwa maana yoyote ile. Chuck Blazer, katibu mkuu aliyekaa New York, angeweza kuuliza, lakini naye mkataba wake ulimpa kamisheni ya asilimia 10 ya mapato, na alikuwa na nyumba ndani ya Trump Tower, pamoja na nyingine pale pale iliyosemekana kukaliwa zaidi na paka wake. Watu wawili wenye siri hawaulizani maswali.

Kuna senti nyingine ndani ya ripoti hiyo ambazo hutajwa kwa haraka, ilhali ndizo zinazoonyesha mtambo ukifanya kazi waziwazi. Mwaka 2010 Australia ilikuwa ikitafuta kuandaa Kombe la Dunia la 2022. Ikatuma dola 462,200 za kuboresha uwanja wa Macoya. Simmons akasema pesa hizo Warner alizichukua kwa ulaghai. Siku ya kura, Desemba 2010, Australia ikapata kura moja.

Alifikaje huko? Alizaliwa Rio Claro, Trinidad, mwaka 1943, akawa mwalimu wa historia, kisha mwaka 1974 akawa katibu wa chama cha mpira cha nchi yake. Katibu ndiye anayeshika muhuri, orodha ya wajumbe na vitabu vya tiketi. Tarehe 19 Novemba 1989 Trinidad ilihitaji sare tu nyumbani dhidi ya Marekani ili iende Italia 1990. Uwanja wa taifa ulikuwa na nafasi za watu kama 28,500, na tiketi zilizouzwa zilipita hapo kwa maelfu. Watu walioshika tiketi halali waliachwa nje ya geti wamevaa nyekundu. Paul Caligiuri wa Marekani akafunga bao la mbali kipindi cha kwanza, mechi ikaisha 1-0, na nchi ikabaki na machozi pamoja na tume ya uchunguzi. Sisi tulioona CAF ikipunguza mashabiki wa Kasarani hadi 27,000 wakati wa CHAN ya Agosti 2025, kwa sababu ya watu kuvamia mageti, tunajua jinsi kelele za tiketi zinavyoanza. Tofauti ni kwamba kule Port of Spain aliyepaswa kupunguza ndiye aliyekuwa akiuza.

Aibu ile haikumgharimu kitu. Mwaka uliofuata, 1990, akawa rais wa Concacaf. Mwaka 1997 akawa makamu wa rais wa FIFA.

Nguvu yake ilikuwa hesabu ya darasa la nne. Katika FIFA kila chama kina kura moja. Montserrat, kisiwa chenye watu wasiofika 6,000, ina kura ileile ya Brazil. Hadi 2011 FIFA ilikuwa na vyama 208. Concacaf ilikuwa na 35 kati ya hivyo, na 25 vilitoka Karibiani. Anayeweza kupeleka kura 25 kwa mkupuo mmoja, zote upande mmoja, ana uzito kuliko bara lenye kura zaidi ya 50 zinazotawanyika kila mtu na wake. Bara hilo unalijua. Unaishi ndani yake. Warner aliwatunza viongozi wa visiwa vidogo kwa safari, kamati na ruzuku, nao wakamlipa kwa mkono ulioinuliwa wakati ufaao.

Mwaka 2006 Trinidad ilifika Kombe la Dunia Ujerumani na kutoka sare ya 0-0 na Sweden, Shaka Hislop akiwa golini. Wachezaji walikuwa wameahidiwa nusu ya mapato ya biashara. Baada ya mashindano chama kilitangaza mapato ya dola milioni 18.25 za Trinidad na gharama zilizokaribia kiasi hicho, hivyo kila mchezaji akabakiziwa pesa za kununua viatu. Baadaye serikali ilitaja mapato yanayozidi milioni 170. Wachezaji walishinda mbele ya wasuluhishi London mwaka 2008 lakini wakafukuza malipo yao kwa miaka. Wakati huo wote Warner alikuwa na cheo cha mshauri maalumu wa chama. Cheo cha aina hiyo hakina saini wala kikao, na mwenye nacho ndiye anayepigiwa simu. Tiketi za mashindano hayo hayo nazo zilipitia wakala wa safari uliomilikiwa na familia yake, na wakaguzi waliotumwa na FIFA wakakuta faida ya karibu dola milioni moja.

Siasa zilikuja baadaye kidogo. Mwaka 2007 alichaguliwa mbunge wa Chaguanas West kwa tiketi ya chama cha UNC, na katika uchaguzi wa tarehe 24 Mei 2010, uliomfanya Kamla Persad-Bissessar kuwa mwanamke wa kwanza kushika uwaziri mkuu wa nchi hiyo, Warner alipata kura nyingi kuliko mgombea mwingine yeyote. Akapewa Wizara ya Ujenzi na Uchukuzi bila kuacha umakamu wa rais wa FIFA. Mara kadhaa alikaimu uwaziri mkuu bosi wake akiwa nje. Mtu mmoja, asubuhi anagawa kandarasi za barabara, jioni anajadiliana na nchi zinazotaka Kombe la Dunia.

Lakini tusimpunje. Kama waziri wa ujenzi alikuwa mchapakazi, na hata wapinzani wake walikubali hivyo. Mafuriko yakitokea alionekana amesimama kwenye matope, mtaro ukiziba tingatinga inafika. Mwananchi aliyezoea waziri wa kwenye runinga hupenda waziri wa gambuti, na mapenzi hayo ndiyo yaliyombeba baadaye hata ripoti zilipoanza kumiminika.

Mei 2011 ndipo mambo yalipoharibika. Mohammed bin Hammam wa Qatar alikuwa akigombea urais wa FIFA dhidi ya Sepp Blatter. Warner akaitisha mkutano wa vyama vya Karibiani katika hoteli ya Hyatt Regency, Port of Spain, tarehe 10 na 11. Baada ya hotuba, wajumbe wakaambiwa wapitie chumba fulani mchana wachukue zawadi. Makamu wa rais wa chama cha Bahamas aliingia, akatia saini, akapewa bahasha iliyobanwa kwa pini na kuandikwa jina la nchi yake. Alipoifungua zikaanguka mezani bunda nne za noti za dola 100, kila bunda dola 10,000. Akamwandikia bosi wake ujumbe wa simu, akaambiwa arudishe. Kabla ya kurudisha akazipiga picha.

Picha hiyo ndiyo iliyomaliza kazi. Rushwa nyingi za mpira huishia kwenye neno langu dhidi ya neno lako. Hapa kulikuwa na bahasha, jina la nchi na noti juu ya meza. Blazer, rafiki wa miaka 20, akaipeleka taarifa FIFA. Warner akasimamishwa mwisho wa Mei, na tarehe 20 Juni 2011 akajiuzulu nyadhifa zote za mpira. FIFA ikafunga jalada lake ikisema anabaki bila hatia. Kumbuka ujanja huo: ukijiuzulu mapema, kamati haina tena mamlaka juu yako, na unaondoka na cheti cha usafi ambacho hakuna aliyekikagua.

Serikalini alibaki. Juni 2012 akapandishwa kuwa Waziri wa Usalama wa Taifa, yaani polisi na jeshi chini yake. Siku chache tu baadaye, kambi ya wananchi waliopinga kipande cha barabara kuu kati ya Debe na Mon Desir ilibomolewa mbele ya wanajeshi. Mwishoni mwa mwaka huo kiongozi wao, mhadhiri Wayne Kublalsingh, alikaa siku 21 bila kula nje ya ofisi ya waziri mkuu. Kisha ikaja ripoti ya Simmons kule Panama, na kujiuzulu.

Wengi wangetoweka. Yeye aliacha na ubunge, akaunda chama kipya cha ILP, akagombea kiti kilekile katika uchaguzi mdogo wa tarehe 29 Julai 2013, na akamshinda mgombea wa chama chake cha zamani kwa zaidi ya kura 12,000 dhidi ya 5,000 na ushee. Mpiga kura wa Chaguanas West alikuwa ameisoma ripoti ya Simmons magazetini. Aliona pesa zilizopotea ni za Zurich, na barabara iliyowekwa lami ni yake. Tusiwacheke, hesabu hiyo hupigwa pia Embakasi. Ila mwaka 2015, alipohamia Chaguanas East, alishindwa.

Sasa tuje kwa pesa zinazoihusu Afrika moja kwa moja. Tarehe 15 Mei 2004 Afrika Kusini iliishinda Morocco kwa kura 14 kwa 10 na kupata Kombe la Dunia la 2010. Wiki chache kabla, Nelson Mandela, akiwa na umri wa miaka 85, alisafirishwa hadi Trinidad. Mwaka 2008 dola milioni 10, zilizokatwa kutoka pesa ambazo FIFA ingeipa kamati ya Afrika Kusini, zilitumwa kwenye akaunti zilizokuwa chini ya Warner kwa mafungu matatu: 616,000 tarehe 2 Januari, 1,600,000 tarehe 31 Januari na 7,784,000 tarehe 7 Machi. Jumlisha mwenyewe, zinafika milioni 10 kamili. Jina la mradi lilikuwa zuri: urithi wa Waafrika walioko ughaibuni, kuinua mpira wa Karibiani.

Afrika Kusini inashikilia kwamba ulikuwa msaada halali. Blazer alikiri mahakamani New York kwamba yeye na wenzake walikubali hongo kuhusu kura hiyo. Nyaraka za benki zilizochapishwa na BBC mwaka 2015 zilionyesha dola milioni 4.86 zikienda kwa kampuni moja ya supamaketi nchini Trinidad. Waendesha mashtaka wa Marekani wakadai sehemu kubwa ilimrudia Warner kwa sarafu ya nyumbani. Karibu milioni 1.6 zililipa kadi za benki na mikopo binafsi. Kwa nini supamaketi? Kwa sababu supamaketi ina noti taslimu kila jioni. Unaiandikia hundi ya dola za Marekani, inakupa noti za nyumbani, na hakuna benki inayoona mtu akibeba gunia. Hapa Nairobi mtu yeyote anayefuatilia kesi za utakatishaji wa fedha ataitambua njia hiyo.

Haki za matangazo zilikuwa tamu zaidi na hazikuhitaji bahasha. Tarehe 12 Septemba 2005 Blatter alitia saini mkataba wa kuuza haki za kuonyesha Kombe la Dunia Karibiani: dola 250,000 kwa 2010 na 350,000 kwa 2014. Mnunuzi alikuwa umoja wa mpira wa Karibiani, chini ya Warner. Haki hizo zikahamia kampuni yake iliyosajiliwa Visiwa vya Cayman, nayo ikaziuza kwa kituo cha Jamaica kwa mamilioni. Karatasi zote zina saini. Ndiyo maana mashabiki wanaotafuta mifuko ya noti kila mara hupitwa na wizi mkubwa. Wa kalamu hauna picha.

Tarehe 27 Mei 2015 polisi wa Uswisi walivamia hoteli ya Baur au Lac, Zurich, na waendesha mashtaka wa Marekani walioko Brooklyn, New York, wakatangaza mashtaka dhidi ya watu 14. Warner alikuwa mmoja wao. Wanawe wawili walikuwa wamekiri makosa tangu 2013. Yeye alijisalimisha Port of Spain, akalala rumande usiku mmoja, dhamana ikiwa dola milioni 2.5 za Trinidad. Siku chache baadaye akatoa video ya kujitetea huku ameinua karatasi ya habari kwamba Marekani imepewa Kombe la Dunia litakaloanza papo hapo mwaka 2015. Habari hiyo ilitoka The Onion, gazeti la utani. Waziri mstaafu wa usalama, aliyewahi kusoma taarifa za kijasusi, hakuuona utani. FIFA ikamfungia maisha tarehe 29 Septemba mwaka huo.

Mbona basi hajapelekwa Brooklyn? Kumkabidhi mtu kwa nchi nyingine kuna hatua zake, na kila hatua ina mlango wa rufaa. Kwanza hutolewa hati ya muda ya kumkamata. Nchi inayomtaka huleta ombi kamili chini ya mkataba, na hapa mkataba ni wa 1996. Mwanasheria Mkuu hutia saini idhini ya kuendelea, na idhini hii ilitolewa Septemba 2015. Hakimu husikiliza kama ushahidi unatosha. Mwisho serikali hutoa amri ya kumsafirisha. Warner hakungoja afike kwa hakimu; aliishambulia saini ya Mwanasheria Mkuu. Akashindwa Mahakama Kuu 2017, akashindwa rufaa, na Novemba 2022 akashindwa Baraza la Privy jijini London, ambako Trinidad bado hupeleka rufaa zake za mwisho, njia ambayo Kenya iliiacha miaka ya mwanzo ya uhuru.

Wengi wakafunga daftari hapo. Lakini kulikuwa na kifungu kingine. Sheria ya Trinidad inataka uhakika kwamba mtu akikabidhiwa atashtakiwa kwa makosa yaliyotajwa kwenye ombi tu, asiongezewe mengine akishafika. Serikali ilikuwa imeiambia mahakama kwamba yapo makubaliano na Marekani kuhusu hilo. Mawakili wa Warner wakaomba wayaone. Hayakuonekana. Septemba 2025 Jaji Karen Reid wa Mahakama Kuu akasimamisha kesi hiyo moja kwa moja.

Msomaji wa Nairobi asishangae sana. Ombi la Jersey la mwaka 2011 kuhusu aliyekuwa waziri Chris Okemo na aliyekuwa bosi wa kampuni ya umeme Samuel Gichuru, wote wawili wakikanusha, lilikwama miaka juu ya swali la nani mwenye kalamu: Mwanasheria Mkuu au Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma. Mahakama ya Rufaa ikasema wa kwanza mwaka 2018; Mahakama ya Juu ikasema wa pili mwaka 2021. Miaka kumi ilipita na ushahidi wenyewe haujaguswa.

Kilichobaki kwa Warner ni marufuku ya maisha ya mpira, na hukumu ya madai ya 2019 ambapo mahakama ya Brooklyn ilimwamuru ailipe Concacaf dola milioni 79 baada ya yeye kutojibu kesi. Mashtaka ya jinai nayo bado yako Brooklyn. Jaji wa Port of Spain hana uwezo wa kuyafuta. Akiwa Trinidad anatembea huru. Akipanda ndege akashuka nchi nyingine yenye mkataba na Marekani, hatua zinaanza upya, kuanzia hati ya kukamatwa.